Kesho Aje na Mzazi

Kambini, 9 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Mimi mzima, isipokuwa kifua, na kifua ni vumbi la mahindi tu, kwa hiyo mwambie dada asihangaike kunitafutia dawa. Goti lake limefikia wapi? Na yule fundi wa paa la jikoni alirudi, au bado ni njoo kesho, njoo kesho?

Utashangaa kupata karatasi. Simu zetu zimekusanywa getini, zimefungiwa kwenye sanduku la nyapara. Wanasema simu inaweza kutoa cheche kwenye vumbi. Miaka yote hii cheche hazikuwepo, zimezaliwa mwezi uliopita. Barua nimempa dereva wa lori mwenye kofia ya sufi, anapita huko kwenu akipeleka mzigo. Jibu mpe huyohuyo.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ikoje, na mimi nikija likizo huwa nataka kulala tu. Leo nitakueleza. Hapa kuna mapipa ya chuma marefu kuliko nyumba ya ghorofa, yamejaa mahindi. Chini ya kila pipa kuna mashine inayovuta mahindi kwenda kwenye malori. Unyevu ukiingia, mahindi yanagandamana juu kama ukoko, mashine inavuta chini, na katikati panabaki shimo usiloliona. Mtu anaingia kwa tundu la juu, kamba kiunoni na mti mkononi, anavunja ule ukoko. Huyo ni mimi. Mwenzake anakaa kwenye tundu akishika kamba. Huyo ni Redio.

Wakati wote huo wawili hawa wanaongea. Ndiyo sheria yetu, hatukuandikiwa na mtu. Wa juu anasema, wa chini anajibu. Jibu lisipokuja, wa juu anavuta na kupiga kelele watu waje. Redio alipata jina lake hapo. Anatangaza habari kutwa nzima: nyapara ameonekana akimbembeleza mbuzi wa jirani amrudishie soksi, mpishi wetu ametunukiwa nishani ya kuunguza maji. Mimi chini nacheka, na nikicheka anajua nipo hai.

Sasa Redio amenyamaza. Sababu ipo, leo sitaiandika.

Na wewe? Dada aliniambia ukitoka kazini una ukurasa wako mtandaoni na watu wanakufuata kama nyuki. Unahusu nini?

Mjomba wako


2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, na dereva wako ni mtu wa maneno mengi kwa mtu anayevaa sufi kwenye joto hili. Sisi wazima. Goti la Mama linapanda na kushuka kama yeye anavyopenda. Fundi alirudi, akatazama paa, akasema “hili ni paa,” akaenda zake.

Nimeipiga chapa barua yako upya hapa dukani ili Mama asome bila kukwama. Mjomba, kurasa tatu, nukta nne. Nne. Niliitafuta ya tano mpaka mteja wa kutoa nakala akanuna. Koma hukuweka hata kwa bahati mbaya. Nimekupa thelathini juu ya mia kwa sababu ya undugu. Kesho uje na mzazi.

Ukurasa ni mambo ya kuchekesha tu. Watu wanaandika ovyo, mimi napiga picha ya walichoandika, nasahihisha kwa wekundu kama mwalimu, natoa alama na neno moja la mwisho, watu wanacheka, tunalala. Kuna benki iliyotangaza kwamba “wateja wote watafungwa saa kumi”. Kuna bwana harusi aliyekosea jina la bibi harusi kwenye mwaliko wake mwenyewe. Wengine wananishukuru, wanasema wamejifunza. Simtukani mtu.

Huyo Redio amenunia nini? Mbembeleze. Wanaume wazima mkinuna mnakuwa kazi.

Mpwa wako


Kambini, 21 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada mpe pole ya goti. Hapa joto limezidi, na malori ni mengi kuliko watu. Mpishi ameugua, tunapika wenyewe, na sasa ndiyo tunajua alikuwa akijitahidi.

Lile neno lako la mzazi. Ulikuwa ukiniandikia kwenye simu kila nikikosea, nami nilikuwa nacheka peke yangu kitandani mpaka wenzangu wanauliza nani huyo. Sasa nalisikia hapa kila asubuhi. Nyapara anasimama getini, na Redio akifika anamuuliza, “Mzee, leo umekuja na mzazi?” Foleni nzima inacheka. Siku za kwanza hata mimi nilicheka, mdomo ulitangulia. Redio ana wajukuu.

Nitakueleza lililotokea, kisha utanijibu au hutanijibu. Mwezi wa kwanza nyapara aliacha kuzima mashine tukiwa ndani. Malori yako kwenye foleni, anasema, nikizima watalala hapa. Tulimwambia kwa mdomo, akasema atalifikiria. Basi Redio akaandika kwenye simu yake, hadharani, akaweka na picha ya geti. Aliandika hivi, nakumbuka maana nilikuwa karibu yake: “wakubwa tuna omba mzime mashine mtu akiwa ndani. alafu akuna kufuli mtu yoyote anawasha. mahindi yana meza mtu hatatoka.”

Mtu akaichukua, akaijaza wekundu. Chini akaandika: mbili juu ya mia, kesho aje na mzazi. Ikaenda. Ilienda mbali kuliko sisi wote hapa tutakavyowahi kwenda. Nyapara aliitoa nakala, akaibandika kwenye mlango wa stoo, na ofisi ikakusanya simu. Mashine haijazimwa.

Redio sasa anafunga kamba, anakaa kwenye tundu, hasemi. Nikiuliza “Upo?” anaitikisa kamba mara moja. Nikiwa nipo, nami naitikisa. Wewe umesoma, utaona kasoro iliyopo. Kamba haina sauti ya mtu. Mahindi nayo yakianza kuvuta, yanaitikisa vilevile.

Mjomba wako


18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Samahani kwa kuchelewa. Dereva amepita hapa zaidi ya mara moja nikamwambia bado. Kazi imekuwa nyingi, shule zimefungua, kila mtu anataka nakala.

Mama hajambo. Paa limezibwa na fundi mwingine, kijana wa jirani, sasa linavuja pengine. Barua yako ya mwisho sikumsomea yote. Nilimsomea salamu na habari ya mpishi, akacheka.

Mjomba, kwa nini usibadilishiwe mshika kamba? Lazima yupo mtu mwingine hapo mwenye mdomo. Au uombe kazi ya chini, ya kushona magunia. Kifua chako kingepumzika pia.

Halafu mambo ya mtandaoni husahaulika haraka, naamini hivyo. Mwezi huu wanacheka hiki, mwezi ujao kile. Na mtu akiandika hadharani, si amekubali kusomwa? Sisemi alistahili. Nauliza tu.

Mama anasema uje likizo mapema mwaka huu.

Mpwa wako


Kambini, 30 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Likizo haipo mpaka mavuno yaishe kuingia.

Umeuliza kama aliyeandika hadharani hakukubali kusomwa. Alikubali. Aliomba kusomwa. Sasa nionyeshe mmoja aliyemsoma. Nilipokuwa bado na simu niliyapitia maneno ya watu pale chini, mengi mpaka macho yakauma. Wamesahihisha yaliyokwisha kusahihishwa. Wamegombana kama neno fulani linaunganishwa au linatenganishwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mashine imezimwa.

Umeuliza kwa nini nisibadilishe mtu. Nililetewa mwingine, kijana mzuri, anasinzia. Na nikimwacha Redio, nyapara hana kazi nyingine ya kumpa, atamwambia arudi kwao. Redio hajanikosea kitu.

Nikwambie na hili. Maneno yale yalikuwa yangu. Tulikaa kwenye magunia, mimi nikasema, yeye akaandika, maana miwani yangu ilikuwa imevunjika. Lile la mahindi kummeza mtu nililisema mimi, naye akauliza, “Niandike hivyohivyo?” nikamwambia andika. Mkono tu ndio wake. Nilimwambia awaambie watu kwamba maneno ni yangu. Akasema hapana, waliocheka hawakucheka maneno, walicheka mkono.

Nimekuandikia mara mbili nikizunguka, na wewe umenijibu ukizunguka. Mimi si mtu wa kuzunguka, nachoka. Nijibu kwa neno moja. Ni wewe?

Mwezi ujao tunaingia pipa la nne, ambalo lilinyeshewa. Hilo ndilo baya.

Mjomba wako


19 Mei

Shikamoo Mjomba,

Ni mimi.

Sikujua ni huko kwenu. Nilikata jina na sura, nikaacha maneno na kona ya geti. Wewe hukuwahi kunitumia picha ya geti. Lakini hata ningejua ni kwingine, mtu alisema atamezwa na mimi nikahesabu nafasi kati ya maneno. Barua yako ya Machi nilipoifikia ile nukuu nilikaa chini ya meza ya mashine ya nakala, tajiri wangu akadhani nimeangusha kitu.

Niliifuta siku hiyohiyo. Haikusaidia, wengine walishaichukua. Kisha nikayaandika upya maombi yenu kwa Kiswahili safi, kila kitu mahali pake, nikaeleza kuhusu mashine na kufuli. Unajua wangapi walisoma? Mama, kwa sababu nilimshikia simu. Mmoja akauliza, “Leo hakuna kichekesho?”

Basi nikaomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya ukaguzi wa kazi. Sikupeleka ile safi. Nilipeleka ya Redio, kama alivyoiandika. Afisa aliipokea, akavaa miwani, akachukua kalamu. Nikadhani anataka kuandika namba ya jalada. Mjomba, alianza kusahihisha. Aliunganisha “tuna omba”, akaweka herufi kubwa mwanzoni, huku akitabasamu, na akanitazama ili nitabasamu naye. Nilimfahamu kabisa mtu huyo.

Nikamwambia, “Baba, soma kwanza.”

“Nasoma, binti.”

“Hujasoma. Inasema nini?”

Akatazama tena. Akasema, “Kwani huwa mtu anaingia?”

“Mjomba wangu anaingia.”

“Na mashine inafanya kazi?”

“Inafanya kazi.”

Aliweka kalamu. Alisema watakuja, hakusema lini. Nimerudi pale kila nikipata nafasi, sasa mlinzi ananiita mfanyakazi wa ofisi.

Nakuomba usiingie pipa la nne mpaka waje. Sema unaumwa. Kifua unacho, hutakuwa umedanganya. Na uniandikie haraka, hata mstari mmoja, hata bila nukta.

Mpwa wako


Kambini, 20 Mei

mpwa wa mwenzangu

mimi ndie redio. mjomba wako yuko hai natanguliza hilo usije ukaanza kulia kabla ya kumaliza. mkono wa kulia umevunjika na mbavu alafu kifua kinatoa vumbi akikooa. amelazwa zahanati. hawezi kushika kalamu ndio mana naandika mimi. kasema niandike lakini haya mengine ni yangu yeye kalala.

tulikuwa pipa la nne. mashine inawaka. yeye chini mimi juu. aliniuliza upo nika tikisa kamba. baadae kamba ika tikisika nika jua ni yeye. ika tikisika tena nika jua ni yeye anataka habari nika kaa kimya. apo ndio kamba ika nyooka kama waya. nika angalia chini nika ona mti wake tu na mkono.

nilipiga kelele. nadhani nilikuwa sija piga kelele tangu mwezi wa pili koo lime chanika. nilivuta nikashindwa maana mashine ina vuta na mimi navuta. nika funga kamba kwenye chuma nika shuka ngazi sijui vipi nika ingia chumba cha nyapara nika zima mwenyewe. nyapara akasema nani kakwambia uzime. nili mchukua kwa shati nikapanda nae juu akavuta na yeye.

mkono ulivunjika kwenye kuvuta. sio mahindi ni sisi.

nilichelewa. ninge kuwa naongea nisinge chelewa kwasababu yeye angejibu au asinge jibu. najua kwanini nilikuwa siongei na wewe unajua. mjomba wako kaniambia zamani kuwa ana dhani ni wewe. sikutaka wewe ujue kuwa najua. sasa ujue. sitaki tuzungumze hilo.

mama yako mwambie taratibu

redio


Kambini, 25 Juni

Mpwa wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hizi herufi kama kuku aliyepita si ulevi. Marahaba kwa shikamoo zako zote zilizokuja pamoja; barua tatu zimefika kwa siku moja, dereva alikuwa ameharibikiwa njiani. Ile yako ya kunisihi nisiingie niliisoma nikiwa na bandeji. Ilikuwa ya kweli na ilichelewa. Sikulaumu kwa hilo, hata mimi ningeweza kusema naumwa bila kuambiwa.

Mwambie dada mifupa inaunga, aache kulia kwenye simu ya watu. Mbavu zinauma nikicheka tu, na hapa hakuna kinachonipa tabu hiyo.

Wakaguzi wamekuja. Walikuwa watatu, mmoja ana miwani, nadhani ndiye wako. Alitaka kupanda kwenye tundu, akafika katikati ya ngazi akashuka. Lakini alisoma kila kitu, hata kile kilichobandikwa kwenye mlango wa stoo, akakibandua kwa mkono wake. Sasa swichi ina kufuli, na ufunguo anavaa shingoni yule anayeingia. Simu tumerudishiwa. Yangu imekufa betri kwa kukaa, ndiyo maana bado karatasi. Nyapara yupo. Hazungumzi nami, na mimi sijamkumbuka.

Mimi sitaingia tena, nimepewa kushona magunia kama ulivyonitakia. Anaingia yule kijana msinziaji, na ndani hasinzii.

Umeniuliza kama uufunge ukurasa wako. Umemuuliza mtu wa mahindi. Mimi sijui. Wenye benki wacheke tu, hao wana watu wa kuwabembeleza. Lakini mtu akisema ameumia, mpwa wangu, tazama jeraha kwanza, nafasi za maneno zitakusubiri. Ulikuwa mtoto mwerevu na mimi ndiye niliyekuwa nakucheka ukiniweka alama, kwa hiyo tuligawana.

Umeniuliza pia kama Redio anaongea. Anaongea, kwenye tundu. Nikiwa chini kwenye magunia namsikia juu: “Upo?” “Nipo.” “Yamefika wapi?” “Magotini.” “Upo?” “Nipo.” Hivyohivyo mpaka kazi iishe. Habari za nyapara na mbuzi hatangazi. Kijana aliniuliza kwa nini wanamwita Redio, nikamwambia anipitishie sindano.

Barua uliyomwandikia nilimpa mkononi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Nikamuuliza, “Anasemaje?”

“Anasema alilonalo.”

Akaniuliza, “Huyu binti hakosei hata mahali pamoja?”

“Hakosei.”

“Kafuta mara nyingi. Hapa karatasi imetoboka.”

“Labda.”

Aliipeleka karibu na macho, akaitazama pale palipotoboka. “Hii hakuiandika haraka,” akasema. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapanda ngazi.

Mjomba wako